Gumegume, fataki au gobore la kisasa: uanze na lipi ukiwa Tabora?

Huwezi kusoma historia ya Tabora bila kukutana na gobore. Mirambo aliisimamisha dola yake ya Urambo kwa rugaruga, yaani askari wake wa vita, waliobeba magobore, na alipoingia vitani na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, njia ya misafara ya kwenda Ujiji ilifungwa. Mtemi Isike wa Unyanyembe, Wajerumani walipovunja boma lake Januari 1893, aliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani. Ndiyo maana mwalimu wa Nzega au kijana wa Ipuli akishapenda silaha za kale, mara nyingi jambo la kwanza kuuliza ni gobore.

Swali la pili ndilo linalowakwamisha wengi: gobore gani? Yapo ya gumegume, ambayo jiwe hupiga chuma na kutoa cheche. Yapo ya fataki, ambayo nyundo hupiga kikofia kidogo cha shaba. Na yapo ya kisasa, yaliyotengenezwa kwa chuma kipya na umbo la bunduki za leo, lakini bado yanajazwa kwa kupitia mdomoni. Yote matatu ni magobore kwa maana moja: baruti inamiminwa mdomoni mwa mtutu, risasi inafuata, kisha vyote vinashindiliwa kwa mdeki hadi chini. Yanapotofautiana ni njia ya moto kuifikia baruti, na tofauti hiyo moja inabadilisha karibu kila kitu kingine.

Nitayalinganisha kwa mambo sita: namna yanavyowaka na ugumu wa kujifunza, vitu vinavyotumika vikaisha, mvua na unyevu, usafi, bei na ubora, na mwisho historia pamoja na mashindano. Nazungumzia kulenga shabaha na kujifunza. Uwindaji ni habari nyingine yenye leseni zake na mamlaka yake, sitaugusa. Niseme pia mapema kwamba mimi moyo wangu uko kwa gumegume, ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani; nimejitahidi mapenzi hayo yasiwapunje yale mengine mawili.

Kibali ni kilekile kwa yote

Kuna watu wanaamini gobore halihesabiki kuwa silaha kwa sababu ni la kizamani. Linahesabika. Mbele ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kukaa na gobore bila kibali ni kosa, liwe la jiwe au la fataki, liwe limetundikwa ukutani au limefichwa darini. Maombi ya kibali hupita serikali ya mtaa au kijiji, kamati za ulinzi na usalama, na polisi. Baruti nayo ina sheria yake. Kupewa kibali cha silaha hakukupi ruhusa ya kuweka kopo la baruti chumbani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda kituo cha polisi cha wilaya ukiwa mikono mitupu, kabla hujalipa hata shilingi kwa muuzaji yeyote, ukaulize mambo matatu: aina unayoitaka inaruhusiwa kwa matumizi unayoyataka, baruti yake utaipataje kihalali na kuihifadhi wapi, na utafyatulia wapi. Hilo la tatu watu hulisahau. Kufyatua shambani kwako si uamuzi wako peke yako, na kuonekana na gobore kwenye msitu wa hifadhi au jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ugalla kutakufanya uitwe jangili kabla hujafungua mdomo. Kigoma ni vivyo hivyo, ukikumbuka Gombe na Mahale ziko upande gani.

Usinunue gobore lililochongwa na fundi wa kienyeji, hata kama fundi ni mjomba wako na kazi yake inasifika. Kibali ni sababu moja. Sababu nyingine ni mtutu. Bomba la maji au chuma cha usukani hakikutengenezwa kustahimili msukumo wa baruti, na siku likipasuka hupasukia mkono wa kushoto na uso. Ulaya suala hili lilipata ufumbuzi zamani: Liège, Ubelgiji ya leo, walianza kupima mitutu kwa sheria mwaka 1672, London ilikuwa imetangulia mwaka 1637, na Birmingham wakajenga nyumba yao ya kupimia mwaka 1813. Mtutu unafyatuliwa kwa baruti nyingi kupita kawaida. Ukihimili unagongwa muhuri. Hadi leo gobore halali la kiwandani kutoka nchi hizo lina muhuri huo, karibu na mwisho wa nyuma wa mtutu. Ukiambiwa ni la kiwandani na muhuri hauonekani, achana nalo.

Na lile la babu je?

Nalitaja peke yake kwa sababu Tabora na Kigoma wengi hawaanzii dukani, wanaanzia kwenye urithi. Mzee amefariki, watoto wanapanga vyombo, na nyuma ya kabati kuna gobore lenye kutu.

Lichukulie kuwa limejazwa. Magobore ya kale hukutwa yakiwa na baruti na risasi ndani baada ya miaka mingi, kwa sababu mwenyewe alilijaza usiku mmoja akisubiri mnyama shambani na mnyama hakuja. Baruti iliyokaa kavu haizeeki upesi kama watu wanavyodhani. Mtaalamu hupima kwa kuingiza ufito mdomoni hadi ukome, anaweka alama, kisha anaulaza ule ufito kwa nje ya mtutu: ukiishia vidole kadhaa kabla ya tundu la moto, kuna kitu kimekaa chini. Wewe usifanye jaribio hilo. Usivute nyundo, usilete moto karibu, usimpe mtoto alishike kwa picha. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi, waje walichukue wenyewe. Usilibebe begani kuvuka mji kulipeleka kituoni; wanaokuona njiani hawajui nia yako. Kuanza burudani kwa gobore la urithi kunawezekana tu baada ya vyombo vya dola kulikagua na kuamua hatima yake. Hata hapo, mara nyingi linafaa zaidi kutazamwa kuliko kufyatuliwa.

Namna yanavyowaka, na ugumu wa kujifunza

Gumegume lilifikia umbo lake kamili Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, na mtu anayetajwa sana ni Marin le Bourgeoys. Jiwe gumu limebanwa mdomoni mwa nyundo likiwa limefungwa kipande cha ngozi ili lisiteleze. Ukivuta kifyatulio, jiwe linakwangua bamba la chuma lililosimama mbele yake. Bamba linasukumwa mbele, kisahani kilichokuwa chini yake kinafunguka, na cheche zinaangukia baruti laini iliyowekwa humo. Moto unapita tundu dogo ubavuni mwa mtutu na kuifikia baruti kubwa ndani. Ukitazama kwa karibu utaona mambo mawili yanatokea kwa zamu: mwako mweupe na moshi wa kisahani, halafu ndipo mlio. Gobore lililotunzwa vizuri huyaunganisha hayo mawili hata sikio lisiyatenganishe. Lililotunzwa vibaya hukuachia nafasi ya kushtuka.

Hapo ndipo ugumu wake. Kwa sehemu ya sekunde baada ya kuvuta kifyatulio, mbele ya jicho lako kunawaka moto, na mwili unataka kuukwepa. Anayeanza hufumba macho, anageuza shingo, na mtutu unahama. Anayevumilia kwa miezi hujifunza kutulia hadi risasi itoke, na utulivu huo humfuata kwenye silaha nyingine yoyote atakayoishika maishani. Makocha wengi wa shabaha wanaliheshimu gumegume kwa sababu hii. Lakini linakatisha tamaa: jiwe likikaa upande, likiwa butu, au tundu likiziba kwa masizi, utapata cheche bila mlio, mara nyingi mfululizo.

Gobore la fataki lilizaliwa kutokana na tatizo hilohilo. Alexander John Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland, alichoka kuona ndege wanaruka kwa kuona mwako wa kisahani kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha bunduki kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Baadaye kemikali hiyo ikawekwa ndani ya kikofia cha shaba, ndiyo fataki tunayoijua. Unaivalisha kwenye kichuchu cha chuma nyuma ya mtutu, nyundo inaigonga, moto unashuka moja kwa moja. Mlio unakuja mara unapovuta. Anayeanza anaweza kufikiria shabaha badala ya kufikiria jiwe, na ndani ya siku chache karatasi yake inaanza kumpa moyo. Jambo la kuangalia ni vipande vya shaba: fataki ikigongwa hupasuka, na vipande vidogo hurukia pembeni. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima hapa sawasawa na kwenye gumegume.

Gobore la kisasa lilipata umaarufu baada ya mwaka 1985, pale Tony Knight wa Missouri, Marekani, alipotoa lake aliloliita MK-85. Fataki, au kiwashio cha aina inayotumika kwenye risasi za shotgani, kinakaa nyuma kabisa ya mtutu kikiwa mstari mmoja na baruti. Moto hauna kona ya kupinda. Kwa kujifunza ndilo rahisi kuliko yote, hasa kwa mtu aliyewahi kushika bunduki ya leo, maana kitako, kifyatulio na pengine hata darubini vinafanana na alivyovizoea. Risasi yake huwa ndefu, na mifereji ndani ya mtutu huzunguka kwa kasi, aghalabu mzunguko mmoja kila sentimita 71 hivi. Magobore ya risasi za duara huzungusha taratibu, hata mzunguko mmoja kwa mita moja na nusu. Ukichanganya, yaani risasi ya duara kwenye mifereji ya kasi, usahihi unapotea, kwa hiyo amua kwanza unataka kutumia risasi gani.

Vinavyotumika vikaisha

Kwangu hiki ndicho kigezo kinachoamua kwa mtu wa Tabora, kuliko usahihi, kuliko uzuri.

Jiwe la gumegume likitunzwa hufyatua mara kadhaa kumi kabla ya kuchoka, na linanolewa tena kwa kugongwa kidogo ukingoni. Mji wa Brandon, Uingereza, uliishi kwa kuchonga mawe haya na kuyatuma Afrika hata baada ya majeshi ya Ulaya kuyaacha. Pakiti moja ndogo ya mawe inakutosha muda mrefu, haiozi, haiharibiki kwa joto. Tatizo la gumegume ni baruti. Linataka baruti nyeusi halisi. Baruti mbadala kama Pyrodex zinahitaji moto mkali zaidi ili ziwake, na cheche za jiwe haziufikii ukali huo. Tena, kwa kawaida linahitaji saizi mbili: punje laini sana za kisahani, na nyingine nene za ndani ya mtutu.

Gobore la fataki linakubali baruti nyeusi na zile mbadala. Linabagua kwenye fataki zenyewe. Zina saizi, namba 10 na namba 11 ndizo za kawaida kwa bunduki ndogo, na magobore ya kijeshi ya kale yanataka kubwa zaidi zenye mabawa. Kila fyatuo ni fataki moja, na siku fataki zikiisha huna gobore, una fimbo. Fataki ni kilipukaji. Hazitumwi kwa basi wala kuingizwa nchini kwenye sanduku la nguo. Kama muuzaji mwenye leseni hawezi kukuhakikishia upatikanaji wake mwaka hadi mwaka, fikiri mara mbili.

La kisasa linapumua kidogo hapo, kwa kuwa mengi yanatumia kiwashio namba 209, kile cha risasi za shotgani, kinachotengenezwa kwa wingi duniani. Lakini risasi zake nyingi ni za kiwandani, zenye vikombe vya plastiki, na hizo kila moja ina bei yake.

Vilivyobaki vinafanana kwa gumegume na gobore la fataki, na hapa Tabora ina neema yake. Risasi ya duara hufungwa kitambaa ili izibe mtutu vizuri, na kitambaa lazima kiwe pamba tupu iliyofumwa kwa nguvu. Kitambaa cha marekani, kilekile kilichopita kwenye njia ya misafara pamoja na baruti, kinafaa sana. Jaribu kwa kuchoma uzi mmoja mbali na baruti: ukiacha majivu ni pamba, ukiyeyuka na kujikunja kuwa kidonge ni nailoni, usiutumie, maana utaganda ndani ya mtutu. Kitambaa hupakwa mafuta mazito, na mchanganyiko wa jadi ni nta ya nyuki na mafuta ya wanyama au ya mimea. Nta ya Tabora inatafutwa na watu wa mbali. Wewe unaipata kwa mfugaji nyuki wa Sikonge au Uyui ikiwa bado inanukia asali. Iyeyushe taratibu kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, changanya na mafuta, chovya vitambaa, viache vipoe. Kwenye joto la Oktoba ongeza nta, la sivyo mafuta yatatiririka na kulowesha baruti.

Kuhusu baruti yenyewe: usiitengeneze nyumbani. Na usitie kamwe baruti ya risasi za kisasa, ile isiyotoa moshi, ndani ya gobore la aina yoyote kati ya haya. Msukumo wake ni wa aina nyingine kabisa, na mtutu hupasuka.

Mvua na unyevu

Masika ya Tabora huanza Novemba na kuchukua hadi Aprili. Gumegume halipendi msimu huo. Kisahani chake kiko wazi kwa hewa, na baruti laini hufyonza unyevu. Ukiijaza ukasubiri dakika kumi chini ya wingu, unaweza kukuta uji. Wenye gumegume wengi hufanya mazoezi kuanzia Mei hadi Oktoba na kuutumia msimu wa mvua kusoma na kufanya matengenezo. Gobore la fataki linavumilia manyunyu, na la kisasa linavumilia zaidi kwa kuwa kiwashio kimefunikwa.

Msomaji wa Kigoma aliongeze hili: kando ya ziwa hewa ni nzito mwaka mzima, na kutu hufika hata pasipo mvua.

Usafi

Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na chumvi. Chumvi hizo huvuta maji kutoka hewani na kula chuma. Kwa hiyo gobore linasafishwa siku ileile lilipofyatuliwa, kabla ya chakula cha jioni, kabla ya simu, kabla ya kila kitu. Wengine hulala nalo chafu na asubuhi mtutu una madoa ya rangi ya udongo ambayo hayatoki tena.

Maji ya moto na sabuni kidogo ndiyo dawa ya miaka yote. Unatoa mtutu kwenye mbao kama muundo wake unaruhusu, unautumbukiza mwisho wa nyuma kwenye ndoo, unasukuma kitambaa kwa mdeki juu na chini hadi maji yaliyo meusi kama wino yawe meupe, unakausha, unapaka mafuta. Gumegume linakuongezea kisahani, bamba na tundu la moto, ambalo husafishwa kwa unyoya au waya laini. La fataki linakuongezea kichuchu, kinachofunguliwa kwa spana yake. Usipokifungua mara kwa mara kitaganda. La kisasa lina faida kubwa hapa: kizibo cha nyuma kinafunguliwa, mtutu unakuwa bomba lililo wazi pande zote mbili, na unaona mwanga ukichungulia. Ukiwa na haraka ya maisha, faida hiyo ina uzito. Usipokipaka grisi kizibo hicho, hata hivyo, kitakataa kufunguka na utahitaji fundi.

Bei na ubora

Sitaji shilingi, kwa kuwa usafirishaji, ushuru na vibali hubadilisha hesabu kabisa. Mpangilio ndio unaodumu. La kisasa la kawaida huwa na bei ya chini kutoka kiwandani. La fataki liko katikati. Gumegume zuri huwa ghali kuliko la fataki la kiwanda hichohicho, na hii si biashara ya jina: mtambo wake unahitaji chemchemi zilizopimwa na bamba lililopikwa likawa gumu kiasi kinachofaa. Gumegume la bei ya chini ni hasara ya hakika, maana halitoi cheche. La fataki la bei ya chini, ilimradi lina muhuri wa kupimwa, bado linaweza kukufundisha.

Watengenezaji wa nakala za kale wanaojulikana zaidi wako Italia, katika mji wa Gardone Val Trompia. Pedersoli, kwa mfano, wapo tangu 1957.

Historia na mashindano

Anayetaka kushika kilichoshikwa na rugaruga atafute gumegume au la fataki lenye mtutu laini, yaani usio na mifereji ndani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki zenye mifereji kuingizwa Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaacha mwanya kwa gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Hiyo ni sababu mojawapo ya gumegume kuendelea kuonekana bara wakati Ulaya ilikuwa imelisahau. La kisasa, kwa uaminifu wote, halina lolote la kusema juu ya hayo.

Kwenye mashindano ni hivyohivyo. Kamati ya kimataifa ya vyama vya magobore, MLAIC, inapokea silaha za asili na nakala zinazofuata umbo la asili. La kisasa haliingii. Utaratibu wao unanipendeza: risasi 13 ndani ya dakika 30, na kumi bora ndizo zinazohesabiwa. Kuna shindano la gumegume la kijeshi lenye mtutu laini, mita 50, kwa kusimama, na yapo ya fataki hadi mita 100 na kuendelea. Mita 50 husikika kama chache mpaka ujaribu kuzifikia kwa mtutu laini.

Usalama: palipo sawa, na panapotofautiana

Risasi lazima ikae juu ya baruti bila nafasi katikati. Ikibaki njiani, msukumo huvimbisha au hupasua mtutu. Wenye busara huchora alama mbili kwenye mdeki, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu uliojazwa sawasawa, na huziangalia kila mara. Alama hizo pia humzuia mtu kujaza mara mbili, kosa linalowapata hata wazoefu wakianza kuzungumza katikati ya kazi. Baruti humiminwa kutoka kwenye kipimo kidogo. Haimiminwi moja kwa moja kutoka kwenye kopo wala pembe, kwa sababu cheche iliyosalia ndani ya mtutu inaweza kupanda hadi kwenye akiba yote mkononi mwako. Sigara haisogei. Masikio na macho hukingwa. Ukimaliza, nawa mikono kabla ya kula, kwani madini ya risasi ni sumu, kwa watoto zaidi.

Linapokataa kuwaka, mdomo wa mtutu unabaki umeelekea kwenye shabaha kwa dakika nzima au zaidi, bila mtu kusogea mbele. Hapa gumegume linahitaji subira kuliko mengine, kwa sababu linakataa mara nyingi zaidi, na mazoea ya kukataliwa humfanya mtu alegee. Kwa upande mwingine, la fataki na la kisasa yana jambo lake: ukishavalisha fataki, kugongwa kidogo tu kunatosha. Fataki huvalishwa mwisho kabisa, ukiwa umesimama kwenye mstari.

Kulingana na hali yako

Kama unapenda historia ya Unyamwezi lakini huna mahali halali pa kufyatulia, usilazimishe kibali cha silaha inayofyatua. Nenda Kwihara ulitazame tembe alilokaa Livingstone, soma habari za Mirambo, Isike na Nyungu ya Mawe, mtemi wa Ukimbu, na ukitaka kitu cha ukutani ulizia nakala isiyotobolewa tundu la moto. Hata hiyo, peleka maelezo yake polisi kwanza. Mtu akiiona usiku hawezi kuitofautisha na ya kweli, na askari pia.

Kama una kibali, una uwanja, na mtu wa kukufundisha yuko karibu, ila hujawahi kulenga shabaha, gobore la fataki lenye mifereji ya taratibu ndilo litakalokupa furaha mapema bila kukuficha kazi ya kweli ya gobore. Sharti ni moja: fataki ziwe na mlango halali wa kupatikana.

Kama una subira, una baruti nyeusi halisi kwa njia halali, na upatikanaji wa fataki unakutia wasiwasi, anza moja kwa moja na gumegume. Nunua zuri au subiri hadi uweze. Panga mazoezi ya kiangazi.

Kama tayari unamiliki bunduki ya kisasa kihalali, muda wako ni mchache, unaishi Kigoma mjini ambako unyevu haukupi mapumziko, na historia si kilichokuleta, la kisasa linakufaa na hakuna mtu wa kukubeza. Ila kama siku moja utataka kwenda kushindana nje, jua kwamba utalazimika kununua jingine.

Kama mko wawili au watatu wenye nia moja, msinunue kila mtu lake. Mmoja mwenye kibali alitangulize la fataki na wengine wajifunze chini yake uwanjani kwa namna polisi watakavyowaelekeza. Baada ya msimu mmoja kila mtu atajua kama anataka jiwe, fataki, au arudi kwenye upinde.

Na kama kilichokuanzisha ni gobore la babu, maamuzi mengine yote yasubiri. Piga simu kwa mwenyekiti leo, watoto watoke chumba kile, na mlango ufungwe hadi watu wa polisi wafike.